Mawe ya Lemburiko

Begi lilikuwa na kilo kumi na nane za mawe, na Shamsa alikataa kuliweka kwenye buti la basi. Alilipakata kutoka Arusha hadi Dar es Salaam mpaka miguu ikafa ganzi, na kondakta akamtania kwamba amebeba mahari ya mtu.

Alikuwa mwanajiolojia, mzaliwa wa Magomeni, mwenye miaka thelathini na mitatu. Kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa kilima kimoja tu, Lemburiko, huko kaskazini: kilima cha volkano kilicholala, kifupi, cha mviringo, kama kichuguu kilichokatwa kichwa. Wanakijiji walilima maharage kwenye miteremko yake na kuchunga mbuzi ndani ya shimo lake la juu. Hakuna aliyekiogopa. Halafu ardhi ikaanza kutetemeka. Nyumba mbili zilipasuka kuta, maji ya kisima yakawa ya uvuguvugu, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Anaeli, akaandika barua Dar es Salaam kuuliza jambo moja: kilima hiki kimekufa, au kimelala?

Jibu lilikuwa upande wa mashariki, ambako wachimba kokoto walikuwa wamekikata kilima kama mkate. Ukuta waliouacha ulikuwa na urefu wa ghorofa tatu, na kila mlipuko ulikuwa umeacha tabaka lake humo. Chini kabisa kulikuwa na mawe meusi yenye vitundu, mepesi, yaliyomwagika wakati moto uliporuka angani kwa wiki nyingi na kukijenga kilima chenyewe juu ya ardhi tambarare. Juu yake mawe mekundu ya mlipuko wa pili, ule uliopasua ubavu wa kilima na kuachia lava itambae kilomita tatu, ikila kila ilichokikuta. Kisha udongo. Udongo mzuri mweusi wenye mizizi, unene wa mita nzima. Maana yake kilima kililala miaka mingi mno, nyasi zikaota, miti ikakua, watu wakaja wakajenga. Na juu ya udongo huo tabaka la tatu: majivu ya kijivu yaliyoshuka kwa ghafla, na chini ya majivu miti iliyogeuka mkaa, yote imelalia upande mmoja.

Chini ya mti mmoja Shamsa alikuta kipande cha chungu.

Mkaa ule ndio ungetaja mwaka. Maabara ikiupima, ingejulikana mti uliungua lini, na ingejulikana kilima kile kimelala muda gani tangu kiamke mara ya mwisho. Lakini wachimba kokoto hawakumngoja. Siku aliyoondoka, katapila lilikuwa limeshaila sehemu yote yenye mkaa. Kilichobaki cha miti ile kilikuwa ndani ya begi lake, kimefungwa kwenye karatasi ya foili.

Jumanne, saa nne asubuhi, alikwenda nalo Kariakoo. Maabara ilikuwa ng'ambo na masharti yake ya kufungasha yalikuwa makali: kila sampuli iwe kwenye kopo lake, na kila kopo liwe na mfuniko wa kukaza. Makopo ya namna hiyo aliyajua yanauzwa wapi. Duka la Madhuben lilikuwa mtaa wa ndani, nyuma ya Msimbazi, limejaa ndoo, chupa na mifuko hadi darini. Madhuben alikuwa mama wa Kihindu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Mtaa mzima ulimwita Mama Amit, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Shikamoo, Mama Amit."

"Marahaba. Umekonda, binti. Huko porini hawakupi chakula?"

Madhuben alipopanda stoo ya juu kutafuta makopo, simu ya Shamsa ikaita. Alikuwa Mzee Anaeli. Dukani mtandao ulikuwa unakatika, basi Shamsa akatoka nje, begi begani, akasimama kwenye ukingo wa barabara kati ya mikokoteni na meza za wamachinga, akiziba sikio moja.

"Mzee, usiwe na wasiwasi," alisema kwa sauti kubwa ili asikike. "Mawe ninayo hapa begani. Haya hayana bei. Hata mtu aniletee dhahabu, sibadilishani."

Hatua chache kutoka pale alisimama mpagazi mmoja aitwaye Shomari. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na tangu alfajiri hakuwa amepata mzigo. Katika maneno yote yale alisikia mawili, mawe na dhahabu.

Shamsa alihisi mkanda wa begi ukimkata bega. Akavutwa nyuma, akaanguka kwa magoti, simu ikaruka. Alipoinua kichwa alimwona mtu wa fulana ya njano akikimbia na begi kifuani, uzito wake ukimyumbisha.

"Mwizi!"

Alilitamka mara moja tu, kabla hajalifikiria.

Aliyekuwa karibu zaidi ni Abbasi, muuza mikanda, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye kila asubuhi alikunywa chai akiegemea nguzo ya duka la Madhuben. Abbasi hakuinuka hata kwenye kigoda. Alinyoosha mguu. Shomari akajikwaa, akaanguka uso chini, na begi likapasuka lami ilipolipokea. Ndipo Abbasi akainuka, akachomoa mkanda mmoja kwenye bidhaa zake, akauzungusha kiganjani upande wa ncha, na kuanza kupiga kwa kishikizo cha chuma.

Mtaa uliitika. Watu walitoka kwenye maduka, kwenye vichochoro, walishuka kwenye mikokoteni. Wengi hawakujua kilichoibwa wala cha nani. Waliona mtu yuko chini. Kijana aliyekuwa akipanga viatu aliacha viatu. Mwanamke mwenye beseni la karanga alilitua pembeni kwa uangalifu, akaja kupiga teke, kisha akarudi kwenye karanga zake. Shomari alijikunja akishika kichwa, wakamvuta mikono ili kichwa kibaki wazi.

Shamsa alichechemea kuwafuata. "Basi, jamani. Basi. Begi langu nimeshalipata." Alimshika mtu bega, mtu akamkung'uta bila kumtazama. Alisema tena, akapaza sauti, akasema imetosha, mwenye mali ni yeye, na amesamehe. Hakuna aliyegeuka.

Kisha wakayaona mawe. Yalikuwa yametapakaa kila mahali, mengine bado kwenye vifuko vya kitambaa vyenye namba alizoandika kwa mkono wake. Mtu mmoja akaokota, akarusha. Mwingine naye akaokota. Mawe mepesi yenye vitundu yalimpasukia Shomari mgongoni yakawa unga mweusi, na watu wakacheka, wakatafuta mazito zaidi. Yalikuwepo. Kilima kinapolipuka hurusha pia vipande vya uji wa mawe ambavyo hugandia hewani vikishuka, vikawa vizito kama chuma. Shamsa alikuwa amebeba vitatu. Alikiona kimoja, kikubwa kama embe, kikiinuliwa na mkono asioujua mwenyewe. Aliijua hata namba yake. Kilimpata Shomari kwenye jicho la kushoto, na sauti aliyoitoa haikufanana na sauti ya mtu.

Kwa mbali tairi lilikuwa linakuja, likisukumwa kwa mguu, bila haraka.

Shamsa alijipenyeza katikati ya miguu, akamlalia Shomari mgongoni, akamkumbatia kichwa.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Huyu ni mdogo wangu, tumegombana nyumbani. Niacheni naye."

"Mbona umeita mwizi?" akauliza mtu.

"Nilikuwa na hasira. Ni mambo ya kifamilia."

"Anaitwa nani, mdogo wako?"

Shamsa alifungua mdomo na hakuwa na jina la kutoa. Kosa lake lilikuwa lile. Sauti nyuma ikasema, "Ni mwenzake, huyo. Wanafanya kazi pamoja," na teke la kwanza likamwingia mbavuni. La pili likampata shingoni. Mtandio wake ulivutwa ukamkaba kabla ya kukatika. Jiwe likampasua sikio. Chini yake alisikia moyo wa Shomari ukigonga kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi, na pumzi yake ikigugumia damu. Halafu kitu cha baridi kikammwagikia mgongoni, kikatelemka mpaka kwenye lami, na harufu ikamfikia. Petroli. Mwenye bodaboda alikuwa ameileta kwenye chupa ya maji.

Mtu akampa Abbasi kiberiti, kwa kuwa yeye ndiye aliyemkamata mwizi.

Abbasi alikishika. Alikuwa anahema, shati limemganda mwilini. Alitoa njiti moja.

Madhuben alipita katikati yao akiwa ameshika fimbo ya chuma ya kushushia mlango wa duka, ila hakuinyanyua. Alikuja akasimama mbele ya Abbasi, kimo chake kikimfikia kifuani.

"Abbasi," alisema. "Mimi nakujua wewe. Mama yako nimemzika, nimekuja Buguruni, nimekaa kwenye mkeka. Mkeo anaitwa Najma. Leo ukirudi utamwambia Najma umefanya nini?"

Madhuben alisogea hatua moja zaidi.

"Huyu binti mteja wangu. Namjua toka anasoma. Washa, basi. Mimi nasimama hapa hapa nitazame."

Njiti ilikuwa kati ya vidole vya Abbasi. Aliitazama kama kitu alichookota. Akairudisha ndani ya kiberiti, akakosa tundu, akajaribu tena. Waliokuwa karibu naye walishusha mikono, lakini waliokuwa nyuma hawakuwa wamesikia kitu na waliendelea kusukuma.

"Inuka," Madhuben alimwambia Shamsa. "Mvute."

Wawili hao walimvuta Shomari, kila mmoja mkono wake, visigino vikiburuta, mstari mwekundu ukiwafuata mpaka mlangoni. Madhuben alining'inia kwenye ile fimbo kwa uzito wake wote na mlango wa chuma ukashuka. Sekunde moja baadaye mawe yakaanza kuugonga. Waliupiga kwa mawe, kwa mateke, kwa bomba la chuma. Bati lilibonyea kwa ndani, ndoo zikaporomoka kutoka darini, na gizani Shamsa akasikia Madhuben akinong'ona maombi kwa Kigujarati huku akisogeza mapipa mlangoni.

"Usifungue, sista," alisema Shomari sakafuni.

"Sifungui."

Shamsa alivua koti lake lililolowa petroli, akalitupa mbali, akachana kitambaa cha sampuli kilichobaki mfukoni akamgandamizia jichoni. Hapakuwa na jicho la kugandamiza. Aliendelea kukandamiza hivyo hivyo, robo saa nzima, mpaka difenda la polisi lilipofika na risasi tatu zikapigwa hewani.

Kituoni askari alimpa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, kisha akafungua jalada.

"Nani alianza?"

"Mimi."

"Sikuulizi habari ya begi. Nauliza nani alianza kumpiga."

"Wa kwanza kumpiga ni Abbasi, anauza mikanda. Lakini mimi ndiye niliyeita. Andika hivyo."

Askari aliandika jina la Abbasi. Lile lingine hakuliandika.

Kesho yake, akiwa na bandeji kichwani na mbavu zilizofungwa, Shamsa alirudi mtaani. Mama yake alimkataza, akatoka wakati mama anaswali. Barabara ilikuwa imefagiliwa. Wamachinga wawili walimrudishia mawe bila kumtazama usoni. Mmoja alikuwa ametumia kifuko chake kuzuilia turubai. Alipata mawe kumi na moja kati ya hamsini na mbili. Kile kipande cha chungu alikikuta kimesagwa na gurudumu la mkokoteni, kimebaki vumbi la rangi ya matofali.

Mkaa hakuuona. Aliuliza meza moja baada ya nyingine, mpaka kwa Candida, mama lishe wa kwenye kona, aliyekuwa anageuza chapati.

"Mkaa?" alisema Candida. "Vipande vimefungwa foili? Nilijua umedondoka kwenye gunia la mtu. Niliutia jikoni, dada yangu. Ulikuwa mkavu kweli, ulishika moto mara moja."

Shamsa aliketi kwenye benchi la wateja. Alitaka kucheka, mbavu zikamkatalia. Mti ulioteketea chini ya majivu, ukakaa ardhini karne nzima au kumi, ukaivisha maharage ya Jumanne mchana.

"Ulikuwa wa nini?" aliuliza Candida, kwa sababu uso wa mgeni wake ulimtisha.

"Wa kupima. Na ile foili?"

Foili Candida hakuitupa. Kitu kizima hakitupwi. Aliikunjua kutoka kwenye bakuli la kachumbari, na kwenye mikunjo yake, pale ambapo kitambaa cha kufutia hakikufika, kulikuwa na chembe nyeusi. Shamsa alizihesabu nne. Hakuwa na njia ya kujua ipi ni ya Lemburiko na ipi ni ya jiko la Candida, maana mkaa ni mkaa. Alizifunga zote.

Siku ya nne alikwenda hospitali. Shomari alikuwa wodini, kichwa kimefungwa, mkono kwenye plasta, pingu kwenye kitanda. Mwanzoni hakutaka kumtazama. Baadaye akauliza, kwa sauti iliyopwaya upande mmoja:

"Hivi mle ndani kulikuwa na nini?"

Shamsa alimweleza. Alimweleza moto uliojenga kilima, na lava iliyopasua ubavu. Alimweleza udongo mweusi, jinsi watu walivyokuja wakati kila kitu kimetulia, wakapika kwenye vyungu, na wazee wao wakawaambia kilima hiki hakina neno. Akamweleza asubuhi au jioni ile, hakuna ajuaye, maji ya chini yalipokutana na uji wa moto, na mlima ukafyatuka kwa mara moja. Hewa yenye majivu na mvuke ilishuka mteremkoni kwa kasi isiyokimbilika, ikang'oa miti yote ikailaza upande mmoja na kuichoma papo hapo. Aliyekuwa anapika hakuinua hata kichwa.

Shomari alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yalikuwa mawe tu," alisema.

"Mawe tu."

"Na wewe ulinilalia kwa nini?"

Shamsa alitafuta jibu la kweli. "Kwa sababu nilihisi nimekuua."

Shomari aligeuza uso ukutani. Baada ya muda bega lake likaanza kutikisika, na Shamsa akakaa naye mpaka muuguzi alipomwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Kesi ya wizi haikufika mbali, kwa kuwa mlalamikaji aliandika kwamba hana malalamiko. Shomari alitoka na jicho moja na mkono usioweza kunyanyua mzigo juu ya kichwa. Madhuben alimpa kazi ya kupanga makopo stoo ya juu, mahali ambapo mtaa haumwoni. Wiki mbili za kwanza hakuthubutu kushuka mchana.

Abbasi alikaa mahabusu siku tisa. Shamsa alikutana naye siku aliyokwenda kuchukua makopo yake, mezani pale pale, mikanda imening'inia vilevile.

"Ulinitaja," alisema Abbasi. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu asiyelala vizuri.

"Nilikutaja. Nilijitaja na mimi, hawakuandika."

"Uliita, dada. Nikaja. Ulipoita ulitaka nije nifanye nini?"

Watu walipita kati yao na mizigo. Shamsa alifikiri kumwambia kwamba alitaka begi lake tu, lakini alikuwa amekaa mji huu tangu kuzaliwa, na tangu kuzaliwa alijua neno lile huita nini. Abbasi akampisha kiti kwenye kivuli cha nguzo, naye akaketi, na wakakaa hivyo mpaka Madhuben alipomwita.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya miezi mitano. Chembe tatu zilikuwa za miti iliyokatwa juzi juzi, za magunia yanayoshushwa kila siku. Ya nne iliungua miaka mia tatu na sitini iliyopita.

Shamsa alimpigia simu Mzee Anaeli siku hiyo hiyo. Alimweleza kwamba kilima kiliwahi kulala karibu miaka elfu mbili, kwa kadiri unene wa ule udongo unavyoonyesha, na bado kikaamka. Usingizi wa safari hii haukuwa umefika hata robo ya ule.

"Kwa hiyo hakijafa," alisema mzee.

"Hakijafa."

"Na kikiamka, kinatoa ishara kwanza?"

"Kinatetemeka, mzee. Kama kinavyotetemeka sasa. Inaweza kuwa miaka, inaweza kuwa siku chache. Mkiona maji ya kisima yanazidi joto, msiningoje mimi nipige simu. Uhameni upande wa mashariki, ambako majivu yalishukia, watu kwanza, mifugo baadaye."

Nyuma ya Mzee Anaeli Shamsa alisikia mbuzi na mtu akipasua kuni. Kisha mzee akamwomba arudie maneno yale polepole, kwa sababu alikuwa ameshika kalamu na alitaka kuyasoma kwenye mkutano wa Jumamosi kama yalivyo.